Bakuli la Uani

Tarehe 3 Juni

Kaka,

Naanza na salamu kabla hujasema nimekosa adabu. Sisi wazima. Baba anakula, analala, anakaa kwenye kiti chake cha mbao mlangoni pa uani akitazama nje. Mkono wa kulia hauna nguvu na kuongea hajaongea, mwaka wa pili sasa tangu kiharusi. Wateja wa cherehani hawajanikimbia. Umeridhika? Haya, sasa habari yenyewe.

Tunafufua Bakuli!

Nimeandika mstari huo nikicheka peke yangu. Ilianza kama mzaha. Breki alikuja nimrekebishie ovaroli lake la kuchomelea vyuma, akatoka uani, akakanyaga yale magugu na kusema, "Kijiti, hivi unajua tumesimama juu ya utoto wetu?" Akampigia Mama Pacha, Mama Pacha akampigia Mwalimu, na Jumapili wakaja wote watatu na masepetu. Unawakumbuka. Breki ni yule yule, hajawahi kufunga breki maishani mwake. Mama Pacha sasa ni muuguzi wa wodi ya mifupa, anasema atakuja na bendeji zake kabisa. Mwalimu ameota kitambi na magoti yanamlia, lakini ubao wake wa magurudumu ameutunza juu ya kabati miaka yote, mke wake akidhani ni rafu.

Nilikuwa na miaka kumi wewe na Baba mlipolimwagia zege bakuli lile la kutelezea kwa mbao za magurudumu. Nakumbuka Baba akizilainisha kuta kwa mwiko, anarudi nyuma hatua mbili, anakunja jicho moja, anarudia tena. Alijengea watu majumba, lakini kitu kizuri kuliko vyote alikijenga nyuma ya nyumba yake, watoto wake wapate pa kuteleza. Halafu ukaondoka kwenda huko machimboni, na wiki ile ile akalijaza udongo, eti kelele za magurudumu zinampasua kichwa. Miaka kumi na moja! Sasa kichwa hakimuumi tena, na kama kinamuuma hasemi.

Najua huko simu haishiki na lori la mahitaji linakuja kila baada ya wiki tatu, kwa hiyo nijibu kwa lori hilo hilo. Mlichanganya saruji na mchanga kwa kipimo gani? Tukimaliza kutoa udongo tutaziba nyufa.

Mdogo wako,
Kijiti


Tarehe 14 Juni

Mdogo wangu,

Nimefurahi kusikia Baba anakula. Huku ni yale yale. Mtambo wa kusaga mawe unaharibika kila Jumatatu, na mimi ndiye wa kulala chini yake.

Kuhusu hilo bakuli, naona mliache. Kipimo cha saruji sikikumbuki. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na saba, kazi nilikuwa siijui vizuri, na zege la miaka kumi na tisa si la kuamini. Baba aliujaza ule udongo kwa mikono yake, toroli baada ya toroli. Mtu hajitaabishi hivyo bila sababu, na sasa hana kauli ya kujitetea. Mkitaka kuteleza, tafuteni mahali penye lami. Hapo uani panda mboga.

Wasalimie wenzako. Mshike Baba mkono kwa niaba yangu.

Kaka yako


Tarehe 24 Juni

Kaka,

Mboga! Breki aliposoma hapo aliangua kicheko mpaka akakaa chini. Usinune, barua zako nawasomea wote, wewe ndiye uliyetufundisha kusimama juu ya ubao.

Umechelewa kutukataza. Udongo wote umetoka. Wiki tatu, kila jioni baada ya kazi, na Jumapili kutwa nzima. Mwalimu alibeba toroli akitufundisha jina la kila msuli unaomuuma. Tulipofika kwenye zege tuliweka masepetu chini. Kuta za Baba zipo vile vile, laini kama shavu. Tumezisugua kwa brashi za waya, tukamwaga maji, tukasugua tena. Palipoharibika ni katikati tu, kwenye sakafu: kuna ufa umezunguka, umechora duara pana kama meza ya kulia chakula. Mwembamba, unahitaji jicho kuuona. Mwalimu anasema ni zege kukauka, mambo ya kawaida.

Sasa kaa chini nikwambie jambo. Baba ameongea!

Ilikuwa Jumapili. Nilikuwa nimepiga magoti pale katikati nachokoa uchafu kwenye ule ufa kwa bisibisi. Nikasikia sauti nyuma yangu, nikadhani ni Mwalimu. Kumbe Baba. Amesimama kwenye kiti, yaani ameinuka, ameshika mlango kwa mkono wa kushoto, anatetemeka. Akasema, "Bado." Neno zima, halina kasoro. Nilimkimbilia nikalia begani kwake. Mama Pacha alimpima mapigo, akasema yanakwenda mbio lakini ni furaha hiyo, wagonjwa wa namna yake wakirudi kwenye jambo wanalolipenda ulimi hufunguka. Fundi ameona kazi ya mikono yake! Tangu siku hiyo anasema kila tunapofanya kazi. Tukisugua, bado. Tukiziba, bado. Breki anamjibu, "Sawa, mkuu," na tunaanza upya. Hatujawahi kuwa na msimamizi mkali hivi.

Ningetamani ungekuwapo kumsikia.

Kijiti


Tarehe 5 Julai

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nina maswali, na nataka uyajibu moja moja bila mizaha.

Baba anaposema neno hilo, anatazama wapi? Ananyoosha mkono? Huo ufa, ukigonga ndani yake na ukigonga nje, sauti ni moja?

Kisha nakwambia kama mkubwa wako: kazi isimame. Sikuombi. Wewe hujui mambo ya zege, Breki anajua vyuma, Mwalimu anajua chaki. Rudisheni udongo, japo nusu. Baba alilijaza kwa sababu kelele zilimuumiza, na kiharusi hakijamwondolea kichwa. Mheshimuni akiwa hai. Nitakapokuja likizo tutaongea yote.

Kaka yako


Tarehe 15 Julai

Kaka,

Umenikasirisha, kwa hiyo nimengoja siku mbili ndipo nikashika kalamu.

"Nitakapokuja likizo." Miaka kumi na moja umekuja mara tatu, na kila mara hukumaliza siku nne, na uani hukukanyaga. Baba alipoanguka nilikuwa peke yangu. Nimemlisha, nimemgeuza kitandani, nimefua. Silalamiki, ni baba yangu. Ila usiniambie mimi habari ya kumheshimu.

Wenzangu wanasema una wivu. Lilikuwa bakuli lako, sasa tunalitengeneza bila wewe. Mimi nilikutetea. Sasa sijui.

Maswali yako haya hapa majibu yake. Anatazama pale pale tunapofanya kazi, angetazama wapi? Mkono ananyoosha, ndiyo, wa kushoto, kuelekea katikati. Tena amevuka hapo. Alhamisi nilirudi kutoka kununua uzi nikamkuta yuko ndani ya Bakuli. Alishuka kwa makalio upande wenye mteremko mdogo, akivuta kiti chake kwa mkono mmoja, akakiweka kando ya ufa, akakaa. Hataki kutoka. Tulimbeba watatu na kiti chake kama bwana harusi, tukicheka, na yeye akawa anatokwa machozi. Siku ya pili karudia. Sasa tukifanya kazi nafunga mlango wa uani kwa ndani. Inaniuma, lakini ataumia.

Sauti ya katikati ni tofauti, ndiyo. Tuliliendesha mara ya kwanza juzi, polepole, kujaribu. Unashuka ukutani, magurudumu yanavuma, ukifika katikati yanabadilika, vuuu inakuwa vommm, kama umepita juu ya ngoma. Breki ameipenda mno, karudia mara kumi. Na tumetatua habari ya maji ya mvua. Breki alitoboa tundu la kidole katikati kabisa. Tulimwaga ndoo ishirini kwa majaribio, Kaka, ndoo ishirini, na maji yote yakamezwa kabla Mwalimu hajamaliza kuzihesabu. Hata tope halikubaki. Ukiweka kiganja pale tunduni unasikia kaupepo baridi. Mama Pacha anasema tumejenga na feni.

Tunafungua Jumamosi tarehe 2 Agosti, saa nne asubuhi. Tumewaalika wote wa zamani, na wanakuja na watoto wao. Watu ishirini na wawili mpaka sasa.

Ungeweza kututakia heri tu.

Kijiti


Tarehe 29 Julai

Mdogo wangu,

Lori limechelewa, daraja lilikuwa limekatika. Barua yako imenifikia leo mchana, na lori linageuza kesho. Soma hii mpaka mwisho. Usiwasomee wenzako kabla hujaimaliza.

Chini ya Bakuli kuna kisima.

Hukijui, kilikauka na kufunikwa bati kabla hujazaliwa. Nikiwa mdogo nilikuwa naangusha kijiwe, nahesabu moja, mbili, ndipo nakisikia. Tulipoamua kujenga, Baba alikuwa na kazi mbali, wiki tatu. Akaniambia, "Kijaze kifusi mpaka juu, ushindilie, nikirudi tumwage zege." Nilibeba toroli siku mbili. Siku ya tatu rafiki zangu wakaja kunichukua na mbao zao. Niliangalia ndani, nikaona hata chini hapajafunikwa sawasawa. Nikachukua mlango mbovu wa ghala na magogo mawili, nikayakaza humo, kama mita moja kutoka juu. Nikamwaga kifusi juu yake nikakishindilia vizuri. Kwa macho kisima kilikuwa kimejaa. Nikaenda kuteleza.

Baba aliporudi aliuliza, "Tayari?" Nikasema, "Tayari." Akanipiga begani akasema, "Sasa wewe ni fundi."

Miaka minane tuliteleza juu ya mlango wa ghala. Wewe pia. Mwishoni nikaanza kusikia ile sauti unayoniandikia. Siku ninaondoka nilimwambia Baba. Hakunigombeza. Chai ilipoa mbele yake, kisha akauliza, "Nani mwingine anajua?" Nikasema hakuna. Akasema, "Nitalifunika. Ukija likizo tutalivunja wawili, tukijaze." Habari ya kuumwa kichwa aliitunga yeye, ili asinitaje. Likizo zilikuja, na kila likizo nilipata sababu.

Neno analosema Baba halihusu lipu yenu. Anakwambia kisima hakijajaa. Niliposoma barua yako ya Juni nililielewa hapo hapo. Nikakuuliza maswali, nikakupa amri, na ukweli sikukuandikia. Sina la kujitetea. Nilidhani ukikasirika vya kutosha utaacha.

Magogo yale yameoza, na nyinyi mmeyamwagia maji. Mtu yeyote asikanyage katikati. Hata mtoto. Hata paka.

Dereva wa lori nimempa namba yako. Ijumaa atafika kwenye mtandao, atakupigia akwambie muache. Sababu sikumpa. Ni mtu wa mdomo, kambi nzima ingejua. Lakini ukisikia hilo neno lake, acheni.

Kaka yako


Tarehe 7 Agosti

Kaka,

Mkuu wa kambi alipigiwa redio kutoka ofisi yenu ya huku, kwa hiyo unajua kwamba Baba amefariki na kwamba tumemzika. Namna ilivyokuwa hujui. Nakuandikia hiyo.

Dereva alipiga Ijumaa mchana. Nilikuwa nakata kitambaa, simu nimeibana begani. Akasema, "Kaka yako anasema acheni, mtu asiingie ndani." Nikamuuliza, "Kwa nini?" Akasema, "Hajasema. Amesema kuna barua." Nikamshukuru, nikacheka. Niliwapigia wenzangu, Breki akasema, "Wivu huo, umekodi na msemaji."

Jioni nikimlisha Baba nikamsimulia kama kichekesho. Nikasema, "Mwanao ametuma mtu atukataze." Alinishika mkono kwa ule wake wa kushoto mpaka kucha zikaingia. Alama ninazo. "Bado," akasema, "bado, bado," uji unamtoka mdomoni. Nikamfuta. Nikamwambia, "Baba, sasa tayari." Akaniachia mkono.

Jumamosi kumekucha, nilisikia chuma kikigonga zege. Nikadhani Breki amewahi kuja kunyoosha bomba la chuma alilolichomelea ukingoni mwa Bakuli, alisema litamsumbua. Nikageukia upande wa pili wa kitanda. Nilihesabu milio bila kutaka, saba, nane. Ilikuwa ya polepole, na katikati kuna mapumziko, kama mtu anayefanya kazi kwa mkono mmoja. Ndivyo nilivyowaza, Kaka, kwa maneno hayo hayo, na sikuinuka. Kisha ukatokea mvumo mrefu, madirisha yakatetemeka. Kisha sikusikia kitu.

Kiti chake kilikuwa ukingoni, amekiweka sawa, fimbo yake imelazwa juu yake. Kitasa cha mlango wa uani alikuwa amekifungua kwa bisibisi yangu. Sakafu yote ya katikati haikuwapo. Vumbi lilikuwa linapanda kutoka chini na hewa ilikuwa baridi. Niliita. Nilisikia sauti yangu ikishuka.

Waliokuja saa nne na mbao zao waliwakuta wazima moto uani. Watoto walikaa wamepanga mstari barazani, helmeti kichwani, hakuna aliyewaambia wazivue. Saa saba walimtoa. Mtaimbo alikuwa bado ameushika. Mama Pacha ndiye aliyempokea na kumfumba macho. Alikuwa amekuja na bendeji zake.

Barua yako dereva aliileta Jumatatu kwa mkono wake, msiba ukiwa bado umejaa watu. Akanipa mbele ya wote, akasema, "Niliambiwa ni ya haraka." Nilikwenda kuisoma chooni.

Ungempa maneno matatu zaidi. Chini kuna kisima. Namlaumu nani lakini? Dereva aliniambia acheni, na Baba aliniambia mwezi mzima.

Kuna jambo moja ambalo silali nalo. Kila anayekuja kunipa pole anasema mzee akili zilikuwa zimemtoka. Wanasema alikuwa anajivuta mle ndani na kiti, mnakumbuka, maskini, mwishoni akaenda kuvunja kazi ya mikono yake. Breki analia anasema, "Tungemfungia vizuri zaidi." Nami naitikia. Naitikia, Kaka! Katika nyumba nzima mwenye akili timamu alikuwa mmoja, na mimi nakubali alikuwa kichaa, kwa sababu nikisema alichokuwa anafanya lazima niseme na wewe ulichofanya. Mwalimu aliniuliza barua ilisema nini. Nikamjibu, "Salamu tu." Lilitoka lenyewe, jepesi. Sikujua nina kipaji hicho.

Sitalibeba. Watu hawa watatu wiki nzima hawajaondoka kwangu. Njoo uwaambie kwa mdomo wako, au niandikie kwamba huji, nijue nina kaka wa namna gani.

Kijiti


Tarehe 17 Agosti

Kwako Mwalimu,

Utashangaa kupata karatasi hii haina bahasha. Nimeiacha wazi makusudi. Dereva ameisoma, na waliokuja naye kwenye lori wamesoma, na jana jioni niliisoma mwenyewe kwenye bwalo la kambi mbele ya wenzangu wa mtambo, nione kama sauti itatoka. Nakuomba uisome kwa Kijiti, kwa Breki, kwa Mama Pacha, na kwa wale wote waliokuja saa nne na watoto wao.

Baba yetu hakuchanganyikiwa. Chini ya lile bakuli palikuwa na kisima nilichotumwa kukijaza nikiwa na miaka kumi na saba. Sikukijaza. Nilikifunika kwa mlango wa ghala na kumdanganya Baba kwamba kazi imekwisha, naye akajenga juu yake kwa sababu aliniamini. Alipojua ukweli alijaza udongo na kunisitiri miaka kumi na moja. Ulimi ulipomgomea aliwaambia kwa neno moja alilobaki nalo, na alipoona hamlielewi alikaa na mwili wake juu ya pale mahali. Mlipomwondoa, na nyinyi hamna kosa, alichukua mtaimbo kwa mkono mmoja akaenda kutoboa sakafu kabla hamjafika. Alikuwa fundi, alijua chini ya pale aliposimama kuna nini.

Kijiti alijua haya siku mbili baada ya kifo, si kabla. Mimi nilijua miaka yote, na mwezi Juni nikaandika habari za mboga.

Nina nafasi kwenye lori la Jumanne. Kisima kisijazwe kifusi mpaka nifike, nimeomba likizo isiyo na tarehe ya kurudi. Lakini barua hii isinisubiri, Mwalimu. Isome kwa sauti hata ukiniona nimesimama mlangoni. Hasa ukiniona. Usiniachie niisimulie mwenyewe, maana najijua, nitaipunguza.

Mtoto wa kwanza wa marehemu